Namna ya Kuandika Historia ya Kazi ya Kocha wa Timu ya Chuo

Kocha wa timu ya chuo, hapa Unguja na Pemba, aghalabu ni mwalimu kwanza na kocha baadaye. Asubuhi anafundisha hesabu au jiografia, alasiri anavaa filimbi shingoni na kushuka kiwanjani, na mshahara wake unaandikwa kwa kazi ya asubuhi peke yake. Ndiyo maana siku anapostaafu, faili lake la ofisini linaeleza vyeo vya ualimu, likizo na uhamisho, lakini halina hata mstari mmoja juu ya michezo aliyoiongoza kwa miaka ishirini. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuuziba mwanya huo, awe mwanafunzi wa zamani, ofisa wa michezo wa chuo, mtoto wa kocha mwenyewe, au mwandishi wa habari anayetaka makala yake iishi zaidi ya wiki moja. Nimeifanya kazi hii kwa kocha mmoja wa Pemba kwa muda unaokaribia mwaka mzima, na mengi ninayoyaeleza hapa nimejifunza kwa kukosea.

Shika jambo moja kabla ya yote: kila fanikio linalosemwa juu ya kocha ni dai, na dai halisimami mpaka lipate mchezo wake, tarehe yake, mpinzani wake, na mtu au karatasi ya kulishuhudia. Mtu akikwambia kwamba maalim fulani alichukua makombe mengi sana, bado hujapata kitu cha kuandika. Umepata jambo la kwenda kulitafuta.

Anza na miaka, makombe yatafuata

Chukua karatasi kubwa, au ukurasa wa kompyuta wenye safu, na ukipe kila mwaka mstari wake tangu kocha alipoanza hadi alipoacha. Katika kila mstari andika jina la chuo kama lilivyokuwa mwaka ule, cheo cha kocha katika timu, mashindano ambayo timu ilishiriki, jina la nahodha na jina la msaidizi. Usisubiri hadi ujue kila kitu. Acha nafasi tupu zionekane, kwa sababu hizo ndizo zitakazokuonesha nani wa kumuuliza na nini cha kumuuliza.

Jina la chuo linahitaji uangalifu khasa kwetu, kwani vyuo vyetu vimebadilika sana. Chuo cha Ufundi Karume cha Mbweni leo ni Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume. Chuo kikuu cha SUMAIT cha Chukwani kilianza kikiwa chuo cha elimu chenye jina jengine. Chuo cha Ualimu Nkrumah cha Beit-el-Ras, chuo cha afya cha Mbweni na chuo cha utalii cha Maruhubi vimeingia ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA. Ukiandika kila kitu kwa jina la leo, utajikuta unaeleza kwamba timu moja ilicheza na yenyewe ikajifunga mabao matatu, maana vyuo viwili vilivyokuwa mahasimu mwaka ule sasa vina uongozi mmoja. Andika jina la wakati ule, kisha eleza mara moja tu, mwanzoni, kwamba chuo hicho sasa kinaitwaje.

Miaka ambayo hapakuwa na timu nayo iandikwe. Eddie Robinson, aliyefundisha mpira wa Kimarekani katika chuo cha Grambling, Louisiana, anatajwa kuwa aliongoza tangu 1941 hadi 1997, lakini anayezihesabu siku zake za kazi hawezi kusahau kwamba mwaka 1943 na 1944 chuo hakikuwa na timu kwa sababu ya vita. Huku kwetu sababu ni nyengine: kiwanja kilichukuliwa kwa ujenzi, mashindano hayakuandaliwa, au kocha mwenyewe alikwenda masomoni Bara au ng'ambo. Mwaka mtupu ulioelezwa sababu yake haumpunguzii kocha heshima, bali unamzuia msomaji asidhani kwamba umeficha msimu mbaya.

Cheo ndicho kinachosumbua zaidi. Kocha mkuu, kocha msaidizi, kaimu kocha na mwalimu wa michezo ni watu wanne tofauti, japokuwa kwenye timu ndogo mtu mmoja anaweza kuwa wote wanne kwa zamu. Mfano mzuri tunao karibu. Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizochezwa Côte d'Ivoire Januari 2024, Tanzania ilifungwa 3–0 na Moroko ikiwa chini ya Adel Amrouche. Baada ya Amrouche kufungiwa, Mzanzibari mwenzetu Hemed Suleiman, anayejulikana zaidi kwa jina la Morocco, alikaimu nafasi ile, na timu ikatoka sare ya 1–1 na Zambia na sare ya 0–0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Timu ni moja na mashindano ni yale yale, lakini mchezo wa kwanza ni wa Amrouche na miwili iliyofuata ni ya Hemed. Ukimwandikia Hemed michezo yote mitatu umemwonea, na ukimnyima ile miwili kwa kuwa alikuwa kaimu umemdhulumu. Kwa hivyo uliza daima: siku ile, nani alipanga kikosi na nani alikaa kwenye benchi?

Kama kocha alihama chuo, gawa jadweli lako mara mbili, kisha utie jumla chini. Hivyo ndivyo Wamarekani wanavyomwandika Nick Saban, kocha mwengine wa mpira wao wa vyuo, ambaye ana ubingwa wa taifa mara saba: mmoja akiwa LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, mwaka 2003, na sita akiwa Alabama kati ya 2009 na 2020. Msomaji anaona jumla, na anaona pia kila chuo kilipata nini.

Hesabu ya michezo

Nimewataja Wamarekani mara mbili, na nitawataja tena, kwa sababu katika jambo hili wametuzidi. Mpira wao ni mwengine kabisa, ule wa gozi lenye umbo la yai linalobebwa mikononi, lakini kocha wa chuo kule ni mtu mkubwa na kumbukumbu zake huwekwa mchezo kwa mchezo. Kila kocha ana namba tatu: alizoshinda, alizofungwa na alizotoka sare. Za Robinson ni 408, 165 na 15. Za John Gagliardi, aliyefundisha chuo kidogo cha Saint John's kule Minnesota hadi 2012, ni 489, 138 na 11, na hakuna kocha wa chuo aliyeshinda michezo mingi kumpita. Namba hizo hazikuanguka kutoka mbinguni, maana nyuma ya kila moja mtu fulani alikaa akaandika.

Sisi tuweke namba hizo tatu, na tuongeze mabao ya kufunga na ya kufungwa. Ukitaka kupata kiwango cha ushindi, chukua idadi ya ushindi, ongeza nusu ya idadi ya sare, kisha gawa kwa michezo yote. Kwa Robinson ni 408 na 7.5, yaani 415.5, gawa kwa 588, inakuja karibu asilimia 70.7. Hesabu hii ni bora kuliko pointi, kwa sababu pointi hubadilika na kanuni. Ushindi uliokuwa na thamani ya pointi mbili zamani sasa una thamani ya tatu, na Kombe la Dunia lenyewe lilianza kutumia pointi tatu mwaka 1994. Kocha aliyeanza kabla ya mabadiliko hayo ataonekana dhaifu mbele ya aliyekuja baadaye, na sababu haitakuwa uwezo wake.

Mchezo ulioamuliwa kwa mikwaju ya penalti uandike kuwa ni sare, kisha utaje nani aliyesonga mbele au aliyetwaa kombe. Fainali ya Kombe la Chalenji, lile la nchi za Afrika Mashariki na Kati, ya Desemba 2017, iliyochezwa Machakos, ilimalizika Kenya 2, Zanzibar 2, na Kenya ikashinda kwa penalti 3–2. Wengi wetu tulilia siku ile, lakini katika daftari la michezo Zanzibar haikufungwa fainali ile. Kombe lilikwenda, na mchezo ni sare. Mambo hayo mawili yaandikwe kila moja mahali pake.

Tenganisha pia aina za michezo. Ligi ya vyuo, mashindano ya mtoano, mashindano ya Elimu Bila Malipo yanayokuja kila Septemba, bonanza la siku moja na mchezo wa kirafiki haviwezi kukaa kwenye safu moja. Bonanza la dakika kumi na tano kila upande, ambapo nusu ya kikosi ni walimu, lisihesabiwe pamoja na fainali. Kama kocha alifundisha timu ya wanawake na ya wanaume, kila timu iwe na jadweli lake kamili, na ya wanawake isiwekwe mwishoni kama kiambatisho.

Karatasi, picha na vinywa vya watu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo nitakapokawia.

Tafuta kwanza karatasi za kocha mwenyewe. Daftari la kwanza la kocha wangu nililikuta ndani ya mkoba wa ukili uliotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Jalada lilikuwa limeliwa na mende pembezoni, na kurasa za kati zimegandana kwa unyevu, ikabidi tuzianike kivulini siku mbili kabla ya kuzibandua kwa wembe. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na majina kumi na moja kwa wino wa buluu, matatu kati yao yamekatwa na kuandikwa mengine kwa penseli. Ukurasa wa kulia ulikuwa na hesabu: barafu, ndimu, nauli ya gari ya kwenda Wete na kurudi, na fedha za kumlipa aliyetengeneza viatu viwili. Matokeo ya mchezo hayakuandikwa popote. Lakini nauli ilikuwa na tarehe, na tarehe ile ilitosha kuthibitisha kwamba timu ilisafiri siku hiyo. Nikaenda nayo kwa wachezaji wa upande wa pili, na wawili kati yao, kila mmoja kwa wakati wake, wakanitajia matokeo yale yale. Usizidharau kurasa za hesabu, kwani mtu anaweza kusahau bao, lakini fedha iliyotoka mfukoni mwake huiandika.

Baada ya daftari, nenda ofisini. Fomu za wachezaji, ripoti za waamuzi, barua za kuomba kiwanja na barua za kuomba ruhusa ya kuwatoa wanafunzi dahalia ni ushahidi mzito, kwa kuwa ziliandikwa siku zile zile na mtu asiyekuwa na haja ya kujisifu. Katika ofisi moja niliambiwa kwamba mafaili ya michezo yote yalichomwa walipohama jengo. Nilirudi mara tatu, nikamkuta mtunza stoo aliyekuwa ameyaokoa mafaili mawili kwa ajili ya kuwekea risiti. Kwa hivyo usilikubali neno "hayapo" mpaka uwe umeulizia kwa mtu wa stoo, kwa karani mstaafu na kwa msaidizi wa maktaba.

Magazeti na redio hufuata. Gazeti la Zanzibar Leo huripoti michezo ya vyuo mara kwa mara, na Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani zinafaa kutembelewa na kila anayeandika juu ya miaka ya nyuma. Nenda na barua ya kujitambulisha, penseli, na orodha ya tarehe ulizokwisha kuzipata. Anayekwenda bila tarehe atafungua magazeti ya mwaka mzima na kurudi na kichwa kinachomuuma. Kumbuka kuwa ripota naye hukosea, khasa majina ya wafungaji, kwa hivyo gazeti likipingana na ripoti ya mwamuzi, andika yote mawili na useme wewe unaamini lipi na kwa nini.

Picha ya timu isome kama unavyosoma barua. Igeuze kwanza, kwa sababu nyuma huenda kuna muhuri wa studio au majina kwa mwandiko wa mtu. Hesabu wachezaji, tazama nani ameshika mpira na nani ana kitambaa cha unahodha, kisha tazama kilicho nyuma yao. Jukwaa la Gombani halifanani na ukuta wa kiwanja cha Mao Zedong, na Amaan ya kabla ya ukarabati uliomalizika mwishoni mwa 2023 haifanani na ya sasa. Jezi pia husema: jezi za rangi moja zinazorudi katika picha tatu zinaonesha misimu iliyofuatana, kwani timu ya chuo hainunui jezi mpya kila mwaka. Picha ukiitia kwenye kundi la simu la wanafunzi wa zamani, iulize kwa uwazi: "Nani anawatambua waliosimama?" Ukiandika, "Hii si ndiyo fainali ya 2004?", watu thelathini watakujibu ndiyo kwa adabu tu, na utakuwa umejitungia ushahidi mwenyewe.

Sasa vinywa vya watu. Nenda barazani baada ya Alasiri, salimia kama inavyopasa, kunywa kahawa uliyopewa, na usitoe kalamu kabla ya kuelezea kilichokuleta na kupata ridhaa. Usianze kwa kuuliza makombe. Mwombe mzungumzaji akusimulie mchezo mmoja tu, tangu timu ilipotoka dahalia mpaka iliporudi, na umwache aende. Miaka itampotea, na hilo ni kawaida. Wewe unatakiwa uwe na vigingi vya kufungia kumbukumbu yake.

Nilimuuliza kocha wangu, "Maalim, mchezo ule mliocheza na watu wa Unguja ulikuwa mwaka gani?"

Akajibu, "Mwanangu, mwaka siukumbuki. Nakumbuka Ramadhani ilikuwa inaingia wiki ile, na karafuu zimeanikwa mpaka pembeni mwa kiwanja, ikabidi tuwaombe wenyewe wazizoe."

Jibu lile lilikuwa na thamani kuliko mwaka wa kubahatisha. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na mavuno makubwa ya karafuu huangukia miezi ya katikati ya mwaka kuelekea mwisho wake. Ramadhani iliyoingia mwanzoni mwa Septemba ni ya 2008, na iliyoingia mwanzoni mwa Agosti ni ya 2011. Kwa sentensi moja ya mzee nilitoka kwenye miaka ishirini nikabakia na minne, na orodha ya mahafali ikanimalizia kazi, kwa kuwa kipa aliyemtaja alikuwa amehitimu mwaka mmoja tu kati ya hiyo.

Vigingi vyengine tunavyo vingi. Watu wa Unguja hawasahau umeme uliokatika kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, wala ule uliokatika miezi mitatu tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Lakini usimuulize hilo mtu wa Pemba, kwa sababu Pemba ilikuwa bado haijaunganishwa na umeme wa gridi, na ilipata waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010. Wapenzi wa mpira wanakumbuka Zanzibar ilipotwaa Kombe la Chalenji Uganda mwaka 1995, na wanakumbuka Machi 2017 tulipokubaliwa uanachama kamili wa CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, na Julai ya mwaka ule ule tuliponyang'anywa. Kuzama kwa meli ya Spice Islander, Septemba 10, 2011, siku chache baada ya Idd, ni tarehe ambayo kila mtu anajua alikuwa wapi, ila usiitaje wewe kwanza. Mzungumzaji wako huenda alifiwa mle. Mwache aitaje mwenyewe, na akiitaja, weka kalamu chini mpaka amalize.

Usiishie kwa wachezaji waliong'ara. Mtafute mchezaji wa akiba aliyekaa benchi misimu miwili, dereva wa gari, mtunza vifaa, mke wa kocha aliyefua jezi, na kocha wa timu pinzani. Huyu wa mwisho ni shahidi bora kuliko wote, kwani anayemsifu mpinzani wake hana faida ya kumwongezea.

Na shahidi mmoja hatoshi. Katika rasimu yangu ya mwanzo niliandika, kwa kauli ya mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri sana, kwamba kocha aliiongoza timu kutwaa kombe katika mwaka fulani. Miezi mitatu baadaye niliona barua ya ruhusa ya masomo: mwaka ule wote kocha alikuwa Dar es Salaam, na kombe lililetwa na msaidizi wake, ambaye nilikuwa sijamtaja hata mara moja. Nilikwenda nyumbani kwa msaidizi yule kumtaka radhi kabla hajasoma popote.

Wachezaji aliowalea

Kocha wa chuo ana kazi ambayo kocha wa klabu hana: anapokea vijana kwa miaka miwili au mitatu, anajua kwamba watamwondoka, na anatakiwa wamwondoke na cheti. Kwa hivyo jadweli la makombe peke yake linaeleza nusu ya kazi yake. Robinson wa Grambling hatajwi kwa ushindi 408 tu, bali pia kwa wachezaji zaidi ya 200 aliowatoa wakaingia ligi ya kulipwa, kutoka chuo cha watu weusi kilichokuwa kikinyimwa mengi na ubaguzi wa wakati ule.

Tengeneza orodha ya pili, ya watu. Weka kanuni kabla ya kuanza, kwa mfano kwamba mchezaji atahesabiwa akiwa amecheza angalau msimu mmoja kamili chini ya kocha huyo. Kisha andika kila mmoja alikwenda wapi: aliyeingia Ligi Kuu ya Zanzibar, aliyevuka kwenda klabu za Bara, aliyeitwa timu ya taifa, aliyekuwa mwamuzi, aliyekuwa kocha naye, na aliyerudi skuli ya kijijini kwao kufundisha na kuanzisha timu. Wale waliokuwa makocha wafuatilie zaidi, na uandike leseni ya CAF aliyoifikia kila mmoja na timu anayoiongoza, kwa kuwa hapo unaona mbinu za mtu zikisafiri. Nilipotazama mazoezi ya timu mbili zinazoongozwa na wanafunzi wa kocha wangu, moja Unguja na moja Pemba, niliona zote zikianza kwa zoezi lile lile la pasi za pembetatu, na katika zote mbili aliyepoteza mpira ndiye anayekwenda kuuokota hata ukiangukia kisimani. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Wote walilipata kwa mtu mmoja.

Mbinu na mwenendo wa kocha vieleze kwa matendo namna hiyo. Gagliardi, yule wa ushindi 489, hakuruhusu wachezaji wake kukabana kwa kuangushana mazoezini, na hakutaka wamwite kwa cheo, walimwita John tu. Mambo mawili hayo yanamweleza vizuri kuliko aya nzima ya sifa.

Yasiyopendeza

Msimu mbaya uandikwe kwa namba zake kama msimu mzuri. Adhabu, malalamiko ya kutumia mchezaji asiyekuwa mwanafunzi, au ugomvi na uongozi viandikwe kama kuna karatasi au mashahidi wa pande zote mbili, na mhusika apewe nafasi ya kujibu. Kisichokuwa na ushahidi ni uvumi, na uvumi hauna mahali katika kazi hii.

Kuna jambo moja lisilofichika kwa hesabu yoyote. Joe Paterno wa Penn State alikuwa na ushindi 409. Baada ya msaidizi wake wa zamani kutiwa hatiani kwa kuwadhalilisha watoto, chama cha michezo ya vyuo cha Marekani kilimfutia ushindi 111 mwaka 2012, akabaki na 298, kisha Januari 2015 kikamrejeshea. Namba zilirudi, lakini hakuna anayeandika historia yake leo akaliruka lile. Nawe, ukikutana na taarifa ya mwanafunzi kudhalilishwa, isiwe habari ya kuipamba au kuizika. Ipeleke kwanza kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto na wanafunzi, na usitaje jina la aliyetendewa popote.

Kuandika na kuhifadhi

Ukishakuwa na majadweli mawili na mahojiano yako, kuandika ni kazi nyepesi kuliko inavyoonekana. Anza na aya moja inayomweleza kocha ni nani, alifundisha chuo gani, tangu lini hadi lini, na jambo moja kubwa alilolifanya. Kisha fuata miaka, ukikawia palipo na habari na kupita haraka pasipokuwa nayo. Maneno kama gwiji, nguli na simba wa vita yaache. Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Alikuwa kocha hodari aliyeiletea timu mafanikio makubwa." Ya pili, ambayo namba zake ni za mfano tu: "Katika misimu sita aliyoiongoza, timu ilicheza michezo 41 ya mashindano, ikashinda 22, ikatoka sare 9 na kufungwa 10, na wachezaji wote isipokuwa wawili walihitimu masomo yao." Ya pili haina sifa hata moja, lakini msomaji anamsifu kocha mwenyewe.

Nakala ziwe tatu kwa uchache: moja maktaba ya chuo, moja kwa familia, na moja upeleke Nyaraka. Karatasi zetu zina maadui wawili, unyevu wa pwani na mchwa, basi piga picha kila ukurasa wa kila daftari mchana kwenye kivuli chenye mwanga, na ulipe kila faili jina linaloanza na mwaka. Daftari lenyewe lirudishe kwa mwenyewe. Mimi nililirudisha ndani ya mkoba ule ule wa ukili.

Kabla ya kuchapisha chochote, msomee kocha kazi yote kwa sauti, ikiwa yu hai. Usimpe akasome peke yake, kwa sababu wazee wengi watasema ni nzuri ili wasikuvunje moyo. Kocha wangu alinisikiliza jioni mbili, miguu ameikunja juu ya kirago, macho ameyafumba, na nilidhani amelala. Nilipofika kwenye fainali ambayo timu yake ilishinda 2–1, akainua mkono.

"Hapo umeandika mabao mawili ya mshambuliaji wetu."

"Ndiyo, maalim. Na gazeti limeandika hivyo."

"Gazeti halikuwa nyuma ya goli, mimi nilikuwapo. La kwanza alijifunga beki wao, mpira ulimgonga gotini. Liandike hivyo."

Nikamtafuta beki yule, ambaye sasa ni mwalimu mkuu wa skuli, naye akacheka, akakunja suruali kunionesha goti lenyewe. Nikaliandika hivyo.